Barua kwa Askofu wa Sarufi

Mhashamu Baba Askofu Robert Lowth,
London.

YAH: OMBI LA KUSAMEHEWA MAKOSA YA KIINGEREZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua ulifariki mwaka 1787, lakini amri zako hazijastaafu. Kitabu chako cha sarufi kilitoka mwaka 1762 bila jina la mwandishi. Huku kwetu, aliyeleta agizo lisilo na saini wala mhuri angerudishwa mapokezi.

Wafaransa wana akademia ya lugha tangu 1635. Sisi Watanzania tuna Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, tangu 1967. Tukitaka kugombana, tunajua mlango wa kugonga. Kiingereza hakina ofisi. Mwandishi Jonathan Swift aliomba iundwe mwaka 1712, haikuundwa, nawe ukaona kiti ki wazi. Kwenye tanbihi zako ukamkosoa Shakespeare, ukamkosoa Milton, na hata Biblia ya Mfalme James, wewe mtu wa madhabahu, haikusalimika.

Ukaandika kwamba vikanushi viwili vikikutana vinauana na sentensi inageuka kuwa ya kukubali. Hesabu safi. Sasa niambie, Baba: mama wa London akimsikia mwanawe akinuna, "I don't want nothing," humwongezea wali?

Linaloniuma zaidi ni "you was". Zama zako wengi walimwambia hivyo mtu mmoja, na "you were" wakawaachia wengi. Mpango mzuri, kama ulikuwa na mlikuwa. Ukaupiga marufuku. Tangu hapo mwanafunzi wa kidato cha kwanza, amesimama peke yake mbele ya ubao, husemeshwa kama ujumbe kutoka mkoani.

Kuhusu kihusishi mwishoni mwa sentensi, nakutetea. Ulisema tu kwamba maandishi ya heshima yanapendeza zaidi bila hicho, na katika maelezo hayohayo ukakiacha kikining'inia mwishoni mwa kishazi. Utani huo haukuvuka bahari. Kilichofika darasani ni kalamu nyekundu.

Kwa barua hii naomba "you was" irejeshwe kazini, hata kwa mkataba wa muda, na wanafunzi waliokatwa alama kwa ajili yake walipwe malimbikizo.



Wako katika ujenzi wa sarufi,
Mzazi.

Nakala: W. Shakespeare, Stratford – kwa taarifa.