Barua ya Wazi kwa Mwenye Nyoka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Dodoma.

Mheshimiwa,

Naona ni wajibu wangu, mimi mkulima na mwalimu mstaafu wa Kwaluguru, wilayani Handeni, kukuarifu kwamba mali ya umma uliyokabidhiwa kuitunza inaharibiwa kwetu kila siku ya Mungu, mchana kweupe na mbele ya mashahidi, na kwamba waharibifu wake, badala ya kuukimbia mkono wa sheria, hupigiwa vigelegele na kupewa maji ya kunywa. Mali hiyo ni nyoka. Sikumwita mali kwa kupenda kwangu, kwani mtu wa umri wangu hana haja ya kujitafutia uadui na majirani. Hadhi hiyo ameipata katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009, ambayo katika kifungu chake cha 4 imetamka kwamba wanyama wote wa Tanzania ni mali ya umma, nao wamewekwa chini ya Rais awe mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kifungu hicho nimekisoma kwa miwani na bila miwani, nikitafuta mahali palipoandikwa "isipokuwa wale wanaotambaa", nisipaone. Basi sina budi kuamini kwamba kifutu aliyelala katika njia ya kisimani, swila wa kichuguuni, na koboko wa vichakani ni amana za dola kwa daraja ile ile ya simba wa Serengeti, ila hawa wetu hawajaletewa mtalii wa kuwapiga picha.

Niruhusu nieleze jinsi amana hizo zinavyohukumiwa. Anayemwona nyoka hupiga ukelele. Ukelele huwaita vijana. Vijana huja na mapanga, majembe na mawe. Na kabla mshtakiwa hajaulizwa kabila lake wala shughuli iliyomleta, hukumu imekwisha kupita, mzoga umeinuliwa kwa kijiti, na moto umekokwa ili usibaki hata mfupa wa kukatia rufani. Katika mahakama hiyo hakuna tofauti baina ya mwenye sumu na asiye nayo. Nyoka wa nyumbani, yule wa rangi ya kahawia ambaye hupita darini usiku akiwinda panya, na ambaye hana tone la sumu kinywani, hufa kwa makosa ya koboko. Nyoka mla mayai, ambaye hana hata meno ya kutafunia yai alimezalo, hufa kwa kosa la kufanana na jamaa zake wenye sumu. Na yule mdogo mwembamba aishiye udongoni akila mchwa, aliye kipofu, hufa kwa kosa la kudhaniwa kuwa ana vichwa viwili, ilhali maskini hana macho ya kukitosha kichwa kimoja.

Wala siwadharau watu wangu, kwani hofu yao ina haki. Kifutu ni nyoka mzito asiyependa kukimbia. Hutegemea madoa ya ngozi yake kumficha katika majani makavu, na mkulima arudiye shamba jioni bila viatu wala tochi humkanyaga kabla hajamwona. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na katika vijiji vyetu wapo walioumwa. Hata hivyo hesabu ya panga ina kasoro yake, kwa kuwa anayemwandama nyoka ili amuue huzipiga yeye mwenyewe zile hatua ambazo nyoka asingezipiga kumfuata, na kichwa cha kifutu kilichokwisha kutengwa na kiwiliwili huweza kuuma bado, kwa sumu ile ile, mkono wa yule aliyekishika akajisifu.

Wanaofaidika na hukumu hizo ni panya. Panya shamba huzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na wataalamu waliomchunguza katika nchi yetu wamekadiria kwamba hula kati ya sehemu 5 na 15 za kila sehemu 100 za mahindi yetu, tena katika miaka asiyofurika. Mkulima wa Handeni, basi, hulima kwa jembe, huomba mvua ambayo huja kwa hiari yake, hufukuza nyani na nguruwe, huvuna, hutia ghalani. Kisha humuua kwa mkono wake mlinzi wa ghala asiyedai mshahara, na kesho yake hukopa fedha akanunue sumu ya panya dukani. Jirani zetu wa Lushoto, juu mlimani, walijifunza tangu mwaka 1980 na kwa miaka mingi iliyofuata kwamba panya si mwizi wa nafaka tu, kwani tauni iliwarudia mara kwa mara hata ikazoeleka katika midomo ya watoto. Laiti panya wangekuwa na kura, diwani wa kwetu angekuwa yule mwenye panga refu kuliko wote.

Sasa nije kwenye mzizi wa shauri. Nyoka akiwa porini, yuko chini ya Wizara yako. Akimuuma mtu, majeruhi huwa wa Wizara ya Afya. Lakini katika ile nusu saa ya katikati, nyoka akiwa amejikunja ghalani, mama akiwa nje na mtoto mgongoni, na watu wakizidi kukusanyika, hayuko chini ya mtu yeyote, na panga ndiyo idara pekee ya serikali iliyo wazi saa hiyo. Tembo akivunja shamba, kanuni za mwaka 2011 zimeweka kifuta jasho kwa mali na kifuta machozi kwa roho. Lakini sijapata kumsikia kwetu mtu aliyefutwa machozi kwa ajili ya kifutu. Wenzetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2013, walimwingiza nyoka katika hesabu ya wanyama wa kulipiwa fidia, na madai yake yakawa mengi hata hazina ikashtuka. Labda ndiyo sababu busara ya kwetu imeona afadhali nyoka awe tajiri wa sheria na fukara wa bajeti.

Upande wa tiba nitaugusa kwa ufupi, maana si wako, ingawa sumu ni yako. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka, na wengine wengi kuliko hao hukatwa viungo au hubaki na ulemavu. Mwaka 2017 likaliandika balaa hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaazimia vifo na vilema vipungue kwa nusu ifikapo 2030. Dawa yenyewe hutolewa katika damu ya farasi aliyedungwa sumu kidogo kidogo hata mwili wake ukajenga kinga, kwa hiyo ni ghali, na aina nyingine hudai jokofu lisilozimika. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa, iliyokuwa ikitengeneza dawa ya Fav-Afrique kwa ajili ya bara letu, iliacha kazi hiyo mwaka 2014, na chupa za mwisho zikafika ukomo wa muda wake Juni 2016, kwa sababu iliyo nyepesi kufahamika: aghalabu waumwao ni mafukara, na fukara si mnunuzi mwema. Nasi watu wa Korogwe na Handeni si wageni wa utafiti, kwani Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo vya Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa. Dunia imetujua kwa mbu, haijatujua kwa kifutu. Kwa insafu nitaje ihsani moja ambayo serikali imetutendea pasipo kukusudia: chandarua kikichomekwa vizuri chini ya godoro huzuia mbu, tena humzuia na nyoka atambaaye usiku, ila tulipogawiwa vyandarua hatukuambiwa habari ya huyo wa pili, na wengine wetu wakavitumia kufunikia miche ya nyanya.

Usidhani naomba jambo lisilopata kuonekana chini ya jua. Zama za Mwingereza, huko Liwale na Newala, alikuwapo bwana nyama mmoja, Constantine Ionides, aliyefariki mwaka 1968, ambaye watu walimpa lakabu ya Bwana Nyoka. Akionekana nyoka wa kijani mwembeni aliitwa, naye akaja na fimbo yake ndefu akamshusha hai. Hakuwa walii, maana nyoka wale walikwenda zao katika makumbusho na bustani za wanyama za ng'ambo, lakini mwembe ulibaki salama na aliyeuita msaada alibaki salama. Katika pwani hii hii yetu, huko Watamu upande wa Kenya, James Ashe na mkewe Sanda walianzisha mwaka 1980 kituo cha Bio-Ken, ambako mtu aliyeingiliwa na nyoka nyumbani hupeleka habari, akaja mjuzi akamwondoa bila kudai malipo, na maskini aliyeumwa akasaidiwa dawa. Na kabla ya katazo la mwaka 2016 la kusafirisha wanyama hai, wale nyoka wa Usambara wenye vipembe juu ya macho walikuwa wakipanda ndege kwenda kukaa Ulaya katika visanduku vya vioo, wenye taa yao na joto la kipimo. Inaonekana wote walijua cha kumfanyia nyoka wetu, isipokuwa sisi tuliorithishwa umiliki wake.

Siombi mnara wala semina ya siku tatu yenye posho na chai ya maziwa. Naomba kila kata ipate kijana mmoja au wawili waliofunzwa barabara, wenye koleo refu, buti, na miwani ya kuzuia mate ya swila, na namba yao ya simu ibandikwe shuleni, msikitini, kanisani na kwenye kijiwe cha bodaboda. Naomba watoto wafundishwe kwa picha nyoka wa kwao, yupi wa kukaa naye mbali na yupi wa kuachwa apite. Wafyeke nyasi mlangoni, wasiingize mkono kwenye tundu wasiloliona ndani. Na wale wa bodaboda, ambao kwa hakika ndio gari letu la wagonjwa, waambiwe kwa sauti ya serikali kwamba aliyeumwa hachanjwi kwa wembe, hafungwi kamba, wala hawekewi jiwe la nyoka, ambalo aghalabu ni mfupa uliochomwa na halivuti sumu bali huvuta muda; avuliwe pete na bangili, kiungo kitulizwe, macho yaliyotemewa yaoshwe kwa maji mengi, na safari ya hospitali ianze.

Kijana tunaye. Ni yule yule ambaye siku zote hutangulia kufika na panga, kwa kuwa ndiye mwenye macho makali na miguu isiyotetemeka. Ameahidi kuliweka chini siku atakapofunzwa, na mwenyekiti wa kijiji ameahidi daftari la kuandikia kila nyoka, nyumba aliyokutwa na pori alilopelekwa. Ndoo tumekwisha kuinunua, ya lita 20, na kifuniko chake tumekitoboa matundu ya hewa. Kwa kuwa watakaotiwa humo ni mali ya umma, na mali ya umma haitoki mkono kwenda mkono pasipo stakabadhi, tafadhali tujulishe jina la afisa atakayetia sahihi.

Wako mtiifu katika dhamana,
Mkulima wa Kwaluguru