Ndoano Nayo Ina Sheria: Mambo 8 ya Kujua Kabla ya Kushuka Ziwani

Mtani wangu wa Sibwesa, nasikia mazao yako ghalani, mshipi mpya umenunua, na Jumamosi unashuka Ikola au Karema kupunga upepo na kuvua kidogo. Hongera. Ila ile habari kwamba sheria za uvuvi ni za wenye vipe na taa, na kwamba wewe wa ndoano moja hazikuhusu, iache hukohuko nyumbani. Zinakuhusu kuliko unavyodhani. Wavu huzoa wote kwa mpigo. Wewe unampandisha mmoja mmoja, unamshika akiwa hai, unaamua aende chunguni au arudi majini. Mwenye uwezo wa kuchagua hana kisingizio. Haya, tuhesabu kutoka 8 kushuka hadi 1.

8. Leseni kwanza, chambo baadaye
Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinataka mvuvi awe na leseni, na uvuvi wa burudani umo. Pita kwa afisa uvuvi, au waulize BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, cha mwalo unaokwenda. Watakuelekeza bila kukung'ata. "Nacheza tu, kaka" siyo namba ya leseni.

7. Ukiuza, burudani imeisha
Kitoweo cha nyumbani ni kitoweo. Ukishaanza kupanga mafungu kando ya barabara na kuita wateja, umekuwa mfanyabiashara, na biashara ya samaki ina vibali na ushuru wake. Mtani, chagua moja: mapumziko au mtaji.

6. Kuna maji hayaguswi
Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mto Katuma na maziwa yake si mahali pa kutupa ndoano, hata kama samaki wanaruka mbele ya macho yako. Ukipanda kaskazini, Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, haiishii ufukweni. Mpaka wake unaingia ziwani kilometa 1.6. Anayepita na mtumbwi alijue hilo kabla ya kushusha mshipi. Askari wa hifadhi hawakopeshi, na viboko wa Katuma hawajadiliani.

5. Utupa, baruti na chandarua: hapana mara tatu
Sumu haichagui. Inaua mkubwa, kifaranga na mayai, kisha mtu analishwa mboga yenye sumu. Baruti inavunja mpaka makao ya samaki. Chandarua kinazoa vifaranga ambao hata paka wako hawezi kushiba nao. Vyote vimekatazwa, pamoja na makokoro na nyavu za timba. Chandarua tumepewa kimzuie mbu. Kirudishe kitandani, mtoto alale salama.

4. Usihamishe samaki hai
Najua utatamani kubeba wale wadogo wenye rangi kwenye ndoo, uwamwage kwenye bwawa lako. Usithubutu bila kibali. Miaka ya 1950 sangara alipandikizwa Ziwa Victoria. Akawa mkubwa, akaleta fedha, na aina nyingi za furu wa asili zikatoweka. Ziwa Tanganyika lina samaki wengi wasiopatikana kwingine popote duniani. Kosa la ndoo moja halirudishwi kwa ndoo mbili.

3. Pima kabla hujasifia
Ukienda kutembea Mwanza, sangara aliye chini ya sentimeta 50 na sato aliye chini ya 25 hawaruhusiwi. Ukifika Mafia au Kilwa ukajaribu bahari, pweza asiyefika gramu 500 aachwe. Sababu ni ileile kote: samaki apewe nafasi ya kuzaa kabla hajaliwa. Kwetu, kabla ya kutupa mshipi, muulize afisa uvuvi vipimo vya samaki unaomtaka, kisha beba rula. Kuhusu idadi, nakupa kipimo changu: vua kinachotosha chungu cha leo. Usivue cha kupiga nacho picha. Na anayerudishwa mshike kwa mikono iliyolowa, mtoe ndoano taratibu, umwachie ndani ya maji. Kumrusha hewani siyo kumrudisha.

2. Mzazi mwenye watoto aachwe
Hapa nakuomba utulie, mtani. Kuhe wa Ziwa Tanganyika, ambaye hukaribia sentimeta 90, ndiye mkubwa kuliko ndugu zake wote wa jamii ya sato duniani. Dume na jike hulinda mayai yao, kisha hulinda vifaranga wao: wingu dogo la samaki juu ya mchanga, wazazi wakizunguka na kufukuza kila anayesogea. Wataalamu wanaamini kuhe huzaa mara moja tu maishani, kisha hufa. Ukimtoa mzazi mmoja pale, umefungua mlango kwa walaji wote wanaosubiri pembeni, na hakuna uzao wa pili wa kufidia. Kuna samaki wengine ambao hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukipandisha samaki koo limevimba, akaanza kutema vitoto mkononi mwako, mrudishe upesi. Kitoweo hicho kitakuwa kimekugharimu kizazi kizima.

1. Ziwa likifungwa, limefungwa
Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane, kwa makubaliano na Kongo, Burundi na Zambia, tunaochangia nao ziwa hili. Ilikuwa miezi 3 migumu mialoni: vipe juu ya mchanga, wachuuzi wa dagaa na migebuka bila mzigo. Watu hao walibeba gharama kubwa kwa ajili ya samaki ambao wewe utawavua kwa starehe. Heshima ndogo kabisa ya kuwalipa ni kuuliza tarehe kila mwaka kabla ya kufunga safari, na kuning'iniza mshipi ukutani mpaka ziwa lifunguliwe. Ukimwona mtu anashuka na ndoano siku za katazo, mrudishe nyumbani. Hata akiwa shemeji yako.