Machozi ya Dola 300

Kuna bwana kaniandikia barua pepe kutoka ng'ambo. Eti kakesha na kitabu changu, na uchungu wa wahusika wangu umemtoa machozi. Kwa dola 300 tu atakifikisha kwa maelfu ya wasomaji wenye kiu.

Kitabu chenyewe ni mwongozo wa kufuga kuku wa mayai. Mhusika mwenye uchungu labda ni yule mtetea wa ukurasa wa 12, mgonjwa wa mdondo.

Sishangai sana. Mwaka 2004 waandishi wa Marekani walitunga makusudi riwaya mbovu, Atlanta Nights, kumtega mchapishaji mmoja; sura moja wakaiachia kompyuta iropoke. Mchapishaji akaikubali. Angalau yeye hakudai kulia.

Nimemjibu: dola sina, nina trei mbili za mayai.