Pazia la Migomba

Mume wangu akishashiba chai ya jioni huanza kuikagua sebule. Safari hii aliamua kwamba nyumba imepooza, inataka "mazingira ya asili". Nikachungulia dirishani: mvua, migomba ya jirani, na Mlima Rungwe umejifunika wingu. Tukuyu hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka; kama kuna mji Tanzania usioazima majani, ni huu. Baba Neema akaenda zake Mbeya, akarudi na kitambaa cha migomba.

Tuseme haki, kilipendeza. Majani mapana ya kijani, mikungu ya njano, na ndege mwekundu ambaye huku sijapata kumwona. Nikakigeuza. Nyuma kimepauka. Kitenge cha nta halisi, ule ufundi ambao Waholanzi waliuiga kwenye batiki ya Java, hupakwa nta ya utomvu pande zote mbili kabla ya kutiwa rangi, ndiyo maana mbele na nyuma ni kulekule. Cha bei nafuu hupigwa chapa upande mmoja. Kwa gauni hakuna neno, nani atakuona kwa ndani? Lakini hili lilikuwa pazia la mlango kati ya sebule na jikoni.

"Upande mzuri utazame sebuleni," akasema.

"Na mimi ninayeshinda jikoni?"

"Wewe migomba unaijua."

Fundi cherehani alishona vipande viwili vya kufika sakafuni, bila kosa. Ndipo Baba Neema, mpenda usafi, akavifua kwa maji ya moto ili harufu ya dukani itoke. Wanga ukatoka, na urefu ukatoka nao. Kitambaa cha pamba kisipofuliwa kabla ya kukatwa, hurudi. Mafundi wote wanalijua hilo, waume wachache. Barazani pazia halikukauka ng'o, ikabidi tulianike karibu na jiko la mkaa. Lilipotundikwa lilinuka moshi, na lilikomea katikati ya muundi.

Tungecheka yakaisha. Jioni ileile simu ikaita: baba mkwe anakuja kutoka Mwakaleli kutibiwa macho.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilipoolewa huku nikafundwa kwamba kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeacha njia. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, aliliandika jambo hilo kwa kirefu. Vijana wengi wa leo wamelegeza. Mzee wetu hajalegeza, nami nampendea hilo: hatujawahi kugombana, maana nafasi yenyewe hatujaipata. Pazia lile ndilo lililokuwa ukuta wangu, na sasa ukuta ulikuwa unaonyesha miguu.

Usiku umeme ukakatika. Mimi niko jikoni namenya ndizi za mbalaga, mume wangu na wifi yangu wako sebuleni na mshumaa, wanaokoa jahazi. Walitwaa kanga niliyopewa na mama, wakakata ukanda wa chini pamoja na pindo lake, wakaugawa katikati, kisha wakashonea nusu huku na nusu kule kwa sindano ya mkono. Mtu wa pwani husoma jina la kanga kabla ya kutazama rangi. Hawa walitazama rangi: kijani, basi, inakwenda na majani.

Kulipopambazuka nikaona. Kanga ile iliandikwa MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE. Pazia la kulia lilikuwa limefungwa pembeni ili sahani zipite. La kushoto lilielekea kochi la mgeni, linatangaza kwa herufi kubwa: MGENI SIKU MBILI. Na mgeni alikuwa ameshabisha hodi.

"Haoni," Baba Neema akaninong'oneza. "Si ndilo lililomleta?"

Kweli, mzee alikula, akatuma "ndaga" zake za shukrani kwa mdomo wa Neema, akalikodolea pazia macho bila neno. Siku ya pili jioni akarudi kutoka hospitali amevaa miwani.

Nikasikia kimya, kisha kikohozi.

"Neema, nani kachora migomba hii?"

"Sijui, babu."

"Huyo hajawahi kusimama chini ya mgomba. Vidole vya ndizi hutazama juu. Hivi vimening'inia kama maembe. Na ua la mkungu liko wapi?"

Kochi likalia, mzee alikuwa anainama. Akasoma taratibu, silabi kwa silabi. Mume wangu akaruka kulishusha pazia, nikasikia fimbo ikigonga sakafu.

"Liache." Kwa fimbo hiyohiyo akalivuta lile la kulia, akasoma lililobaki. "Nilijua lina mwenzake."

Asubuhi kabla ya chai alidai jembe. Mwanawe alikula viapo vyote, hakusikilizwa. Kufikia saa nne mzee alikuwa amelima matuta ya viazi na kupanda chipukizi la mgomba chini ya dirisha la sebule, ili mchoraji wa vitambaa akipita aangalizie. Kisha akaketi barazani, akapaza sauti ya kunifikia:

"Neema, muulize mama yako. Mgeni akishalima, anapewa siku ngapi?"

Mtoto alikuwa bado yuko mlangoni nilipomjibu, nami nikapaza yangu:

"Mwambie babu, mpaka mgomba uzae."