Jinsi ya Kutomdai Mkulima Shilingi Milioni 994: Mwongozo wa Kuanza Java Mtwara

Mwongozo huu ni wa kijana wa Mtwara mwenye laptopu, ya kwake au ya kuazima, aliyepania kujifunza Java na ambaye hadi leo hajavuka hatua ya kubishana IDE ipi ni bora. Ubishi huo umeota mizizi kuanzia Shangani hadi Chikongola. Mmoja anaapa kwa IntelliJ, wa pili haambiliki kwa Eclipse, wa tatu anadai wajuzi wa kweli hawatumii IDE kabisa. Waombe wote watatu wakuonyeshe programu waliyoimaliza, uone watakavyokumbuka ghafla kwamba wana kipindi.

IDE ni programu inayokuwekea vifaa vyako vyote mahali pamoja: pa kuandikia, kompaila ya kugeuza maandishi yako yawe kitu kinachoendeshwa, na dibaga ya kuisimamisha kazi katikati ili uchungulie ndani. Hakuna hata moja itakayokupa jambo la kuandika. Hilo unalo tayari, tena liko ghalani, na tutalifikia.

Na Java si mgeni mkoani kwetu. Takwimu za zahanati huanzia kwenye vitabu vya MTUHA vilivyochakaa pembe, zikaishia kwenye DHIS2, mfumo ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ulioandikwa kwa Java. Idadi ya wajawazito waliohudhuria kliniki mwezi uliopita inapita kwenye mistari ya lugha hiyohiyo unayoiogopa. Akija mtu kukuambia Java imezeeka, mkubalie: ilitolewa na Sun Microsystems mwaka 1995, na mpaka leo iko kazini kuliko yeye.

Sasa chagua, na uchague leo. Laptopu ikiwa na RAM ya GB 4, weka BlueJ. Iliundwa kwa ajili ya kufundishia, ni nyepesi, inakuchorea kila klasi kama kisanduku, na ile ya Windows inakuja na JDK yake ndani, yaani vifaa vya kuandikia na kuendeshea Java. Ukiibebesha mashine hiyo IntelliJ, kivinjari chenye vichupo ishirini na muziki juu yake, feni itaunguruma kama bomba la kupulizia salfa na herufi utakayoibonyeza itatokea baada ya wewe kuisahau. Mwenye GB 8 na kuendelea aanze na IntelliJ au NetBeans, yoyote kati ya hizo. NetBeans ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Charles kule Prague, wakiiita Xelfi. Wanafunzi, kama wewe. Wao waliandika, hawakukaa kijiweni kulinganisha.

Usiyeweka BlueJ unahitaji JDK, nayo iwe moja; wa BlueJ pia aiweke akitaka kutumia skrini ya amri. Toleo la 21, la mwaka 2023, ni miongoni mwa matoleo yanayotunzwa kwa miaka mingi. Temurin ya Adoptium ni bure na haina usumbufu. Kuna watu wana JDK ya 8, ya 11 na ya 17 kwenye laptopu moja, kisha wanashangaa kwamba programu inayokubali ndani ya IDE inakataa nje yake. Pakua kwa bando la usiku, faili za kusakinishia uzihifadhi kwenye flashi, na asubuhi wape wenzako. Temurin ni programu huria, leseni inaruhusu, na hakuna sababu ya wanafunzi kumi wa darasa moja kulipia GB zilezile mara kumi.

Ukishasakinisha, fungua ile skrini nyeusi ya amri uandike java -version, kisha javac -version. Zote mbili zikitaja toleo lilelile, endelea. Ya pili ikikujibu kwamba haifahamiki, uliweka ya kuendeshea bila ya kuandikia, au njia (PATH) haijawekwa sawa kwenye mipangilio ya mashine. Rekebisha hapo kabla ya kumlaumu mwalimu.

Folda. Nimeona kazi za watu zinakaa kwenye New Folder (3), ndani yake kuna faili liitwalo mwisho, lingine mwisho2, na lingine mwisho kabisa. Tengeneza folda moja yenye jina lisilo na nafasi, nje ya yale maeneo ya mashine yanayojipandisha mtandaoni na kukulia bando. Ndani yake tengeneza mradi uuite Korosho. Faili la klasi liitwe Korosho.java, K kubwa, kwa sababu Java hailegezi hapo: jina la klasi ya wazi (public) na jina la faili lazima yalingane herufi kwa herufi.

Kabla ya kuifungua IDE, andika programu moja ndogo kwa Notepad. Mistari mitano inatosha. Iendeshe kwenye skrini nyeusi kwa amri ya java Korosho.java, jambo linalowezekana tangu toleo la 11. Utakosea alama ya nukta-mkato, mashine itakutajia mstari, utarudi kuiweka. Ukifanya hivyo mara moja hutaamini tena kwamba kile kitufe cha kijani ndani ya IDE kina uganga. Kinakubonyezea amri zilezile.

Sasa fungua IDE. Ukikuta kipengele cha rangi, chagua moja ndani ya dakika mbili na usikirudie. Kuna mtu amemaliza wiki nzima akitafuta weusi unaofaa macho yake na hajaandika hata klasi moja. Kama kuna msaidizi wa akili mnemba anayekukamilishia mistari, mzime kwa muda. Atakuja kukufaa sana, ila mwanzoni anakuandikia jibu kabla hujaelewa swali, na wewe unaanza kuitikia kila anachopendekeza.

Tufike ghalani. Video nyingi za mafunzo zitakutaka uandike programu ya duka la pizza au akaunti ya benki ya dola. Inaniuma kuona kijana wa Tandahimba, aliyesomeshwa kwa korosho, anahesabu pizza asizowahi kuziuza huku hesabu za mzee wake zikiwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa shati. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwa korosho Mtwara mwaka 2007. Mkulima anapeleka magunia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, yanapimwa, yanaingia ghala kuu, mnada unapigwa, makato yanakatwa, malipo yanarudi. Kila hatua ina jina, kiasi na tarehe. Huo ni mradi wa Java uliokamilika, unasubiri mtu wa kuuandika, na majina ya vitu vyote unayajua tangu utoto.

Andika hivi: namba nzima ya aina ya int uiite kilo, isomwe kutoka kwa mtumiaji, nyingine ya int uiite bei, ya tatu uiite malipo, iwe ni kilo mara bei. Bei weka 3,300, ile ambayo Serikali ililipa kwa kilo msimu wa 2018 jeshi lilipotumwa kukusanya korosho. Endesha. Ingiza kilo 100, upate 330,000. Ingiza kilo 5,000, upate 16,500,000. Utajipongeza, utapiga picha skrini, utatuma kwenye kundi la darasa.

Tulia. Ingiza kilo 1,000,000, yaani tani elfu moja, mzigo ambao chama kinaweza kuukusanya. Jibu linalotoka ni -994,967,296.

Alama ya kutoa mbele. Wakulima wamepeleka korosho tani elfu moja, na programu yako imewaandikia deni la karibu shilingi milioni 995. IDE haikupiga mstari mwekundu. Programu haikuanguka. Kitufe ni kilekile cha kijani, na kwa utulivu mkubwa mashine imekupa uongo.

Kilichotokea ni hiki. Aina ya int ina biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuibeba ni 2,147,483,647. Ukipita hapo, hesabu inazunguka na kutokea upande wa hasi, na Java imepangwa ifanye hivyo bila kusema neno. Kwa bei ya 3,300, kilo 650,752 zinapita salama. Ongeza kilo moja tu, malipo yanakuwa -2,147,482,396. Mwandishi wa pizza hawezi kulijua hili kwa sababu hakuna anayenunua pizza za bilioni mbili. Shilingi yetu na korosho yetu zinalifikia ndani ya msimu mmoja. Ndiyo maana nakusihi uanze na hesabu za kwenu: zina ukubwa ambao mifano ya wengine haina, na ukubwa huo ndio unaokufundisha.

Hapa ndipo IDE inapolipa gharama ya bando lako. Kwenye IntelliJ, bofya ukingoni mwa mstari wa malipo, kitokee kidoti chekundu. Endesha kwa kitufe chenye mdudu. Programu itasimama kwenye kidoti, na pembeni utaona kilo ni 1000000, bei ni 3300. Songa hatua moja, utaona malipo yanajaa -994967296 mbele ya macho yako. Umejua kosa limezaliwa kwenye mstari upi, na hukuhitaji kumpigia mtu simu.

Tiba ya wengi ni kubadili malipo yawe long, aina yenye biti 64. Jaribu. Jibu ni lilelile, -994,967,296. Hapo ndipo watu hufunga laptopu kwa hasira wakaenda kuangalia mpira. Rudi kaa. Java inazidisha kwanza kilo na bei, zote mbili int, inaharibikiwa, ndipo inamimina jibu bovu ndani ya chombo kikubwa. Bei yenyewe ikiwa long, kuzidisha kunafanyika kwa long, na 3,300,000,000 inatoka nzima. Ukitaka mashine ikatae kabisa badala ya kudanganya, tumia Math.multiplyExact: hesabu ikifurika inasimamisha programu na kutoa kosa. Kwenye fedha za watu, programu inayosimama ni bora mara mia kuliko inayoendelea kwa uongo.

Na usiguse double, aina ya namba zenye nukta, kwa ajili ya shilingi. Mwambie Java ajumlishe 0.1 na 0.2 uone anavyokupa 0.30000000000000004. Kwa uzito wenye nukta wa mizani, tumia BigDecimal, au hesabu kwa gramu.

Umeme utakatika, hilo lisikukute hujahifadhi. Jifunze Git mapema, programu inayotunza historia ya kazi yako. Inafanya kazi ndani ya laptopu yako bila intaneti, na kila jioni unaweka alama ya ulipofika. Jumamosi nakili folda nzima kwenye flashi isiyokaa kwenye begi moja na laptopu.

Ukichoka na korosho, shuka Kilambo. Ng'ambo ya Ruvuma ni Msumbiji, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Anayeondoka huku saa nne asubuhi, kule ni saa tatu. Mvivu ataandika "toa moja" na kujiona mjanja. Wewe tumia ZonedDateTime yenye Africa/Dar_es_Salaam na Africa/Maputo, kisha andika klasi yako mwenyewe ya kugeuza 10:00 iwe saa nne asubuhi, kwa sababu hivyo ndivyo abiria anavyosema na ndivyo tangazo linavyopaswa kusomeka. Usiku wa manane utakusumbua kidogo, hapo ndipo pazuri.

Kabla msimu haujafunguliwa Oktoba, ichukue programu ya Korosho umpelekee karani wa AMCOS ya kwenu. Mwamkie, mwombe dakika kumi, mwache aingize yeye namba. Usimwelekeze pa kubonyeza; angalia anapokwama uandike. Atakuuliza daraja la kwanza na la pili zinatenganishwa wapi, makato ya chama yanaingia kabla au baada ya jumla, na gunia lililorudishwa kwa unyevu linafutwaje bila kufuta la jirani. Kila swali lake ni klasi au mbinu (method) mpya, na lile la gunia la unyevu lianze wewe ukirudi nyumbani, maana ndilo gumu.