Mwenye HiAce Kuukuu Hakosi Watu

Land Cruiser imesifiwa vya kutosha. Imepewa dereva mwenye tai, imeoshwa kila asubuhi, imetengewa kivuli cha peke yake. Leo nalisifia gari linaloegeshwa kwenye mteremko kwa sababu stata yake haiaminiki: Toyota HiAce ya mizigo, ya dizeli, iliyostaafu Japani ikaja kuanza ajira upya Dar es Salaam.

Kwanza nasaba. HiAce ilianza kuuzwa mwaka 1967. Umbo jipya tunalolipakia saruji lilitoka mwaka 2004, na lile la 1989 bado liko barabarani, linakohoa lakini linafika. Kule kwao gari la mizigo, likishamaliza miaka miwili ya mwanzo, hukaguliwa kila mwaka, na wakaguzi hawana masihara. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, aliwatikisia waandishi wa habari chupa ya plastiki yenye masizi ya dizeli; Oktoba 2003 malori, mabasi na magari ya mizigo ya dizeli yasiyokidhi viwango yakapigwa marufuku jijini mwake. Shauri yao. Majirani zetu Kenya nao wamejinyima: gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini. Sisi Watanzania tunaheshimu wazee. Mlango uko wazi, mzee analipiwa ushuru wa uchakavu, kisha karibu sana.

Fadhila yake kubwa ni kukupa watu. Mwenye gari jipya anajuana na wakala wa bima, basi. Mwenye HiAce kuukuu simu yake imejaa Fundi Injini, Fundi Umeme, Fundi Rejeta, Fundi Springi, Spea Gerezani, Spea Ilala na Jamaa wa Kuvuta. Akikaa wiki nzima bila kuonekana, hao ndio wanaompigia: "Bosi, vipi, umetutupa?" Ndugu wa damu hawapigi hivyo.

Na watu hao wanakula. Wachumi wanaumiza vichwa namna ya kuifikisha keki ya taifa kwa mwananchi wa chini. HiAce inaifikisha, tena bila semina. Chukua kifuniko cha rejeta, kidude kinachoenea kiganjani, bei yake haizidi chakula cha mchana. Kikilegea, presha inapungua, maji yanachemka mapema na kutoroka kidogo kidogo. Dereva anaona mshale umepanda, anaongeza maji ya chupa, safari inaendelea. Kwa gari lenye uchoyo habari ingeishia kwenye kifuniko. HiAce inasonga mbele mpaka gasketi ya silinda hedi iungue na maji yaingie kwenye oili. Ukichomoa kijiti cha kupimia unakuta rangi ya chai ya maziwa. Hapo riziki imefunguka. Anapata muuza gasketi, anapata fundi wa kufungua hedi, inapata karakana ya kuisawazisha hedi iliyopinda. Muuza oili anapata mara mbili, maana ya kwanza ni ya kusafishia tu. Anapata kijana wa kuosha vyuma, na mama ntilie pia, kwa sababu kazi imelala na mafundi lazima wale kwa hesabu yako.

Katikati ya kazi hiyo ndipo elimu inapotolewa. Fundi anachomoa thamostati, anaigeuzageuza, anaitupa kwenye mchanga. "Hii ya nchi za baridi, bosi. Huku kwetu haina kazi." Usimbishie. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota, thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha tena mlima wa kwanza. Fundi ametupa thamostati na kujiwekea akiba ya kazi kwa mkono uleule.

Injini yenyewe iko chini ya viti vya mbele. Kuiona ni mpaka unyanyue kiti, na anayekikalia anajua kwa mapaja kwamba gari limeanza kuchemsha kabla mshale haujasema. Ni magari machache yanayomkalisha mwenye mali juu ya matatizo yake.

Kuna pia taa ndogo kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT. Huwaka kilomita zikitimia laki moja au laki moja na nusu, kutegemea injini, kukumbusha kwamba mkanda wa taimingi ubadilishwe. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hakuna anayetoka salama. Taa hiyo ni ya watu wenye wasiwasi. Wauzaji wetu wenye huruma huchomoa balbu yake kabla ya kukukabidhi ufunguo, ulale vizuri.

Wenye injini za karibuni zaidi, zile za 1KD, wasidhani wameachwa. Chini ya nozeli zao kuna washa za shaba. Zikichoka, gesi ya mwako inavujia kwenye oili, oili inakuwa tope jeusi, tope linaziba chujio la kwenye sampu, oili haipandi, injini inakwama. Gari liligongagonga kila asubuhi likiomba washa. Sasa linaomba injini. Hapo utachagua ovaholi au injini ya mtumba, na mara nyingi ya mtumba ndiyo nafuu, ingawa mwenendo wake anaujua Mjapani aliyeitumia. Nozeli mpya nne za kampuni usiulizie bei ukiwa umesimama.

Kuhusu mzigo, sina la kuwalaumu Wajapani. Waliandika karibu tani moja, yaani mifuko ishirini ya saruji. Sisi tunapakia thelathini halafu tunashangaa springi za nyuma zimenyooka. Fundi anaongeza pleti moja, nawe unaongeza mifuko mitano, kwa kuwa sasa gari "limeimarishwa". Boljointi, bushi na krosi za propela shafti zitaleta malalamiko yao kwa zamu. Serikali nayo haisahauliki: taa moja ya nyuma ikikataa kuwaka, faini inakusubiri barabarani.

Dukani utaulizwa swali la kifalsafa: "Unataka ya Japani yenyewe, ya kawaida, au ya mtumba?" Ya kawaida ndiyo inayopendwa, kwa sababu inakurudisha dukani mapema, nanyi mmeshazoeana.

Wapo wanaosema gharama za matengenezo zimeshaipita bei ya gari. Hao ni watu wanaoandika hesabu kwenye daftari, na HiAce kuukuu haikuumbwa kwa ajili ya watu wa daftari. Gari lilipakia asubuhi, likashusha jioni, nauli ikaingia mfukoni na kutoka kwa mlango wa pili. Mji mzima ukala. Mwenye gari naye akala, kidogo.

Ya kwangu naiuza. Injini ya 5L, nyaraka zote zipo, haidaiwi, haina kipengele. Mlango wa pembeni unafunguka ukisemeshwa vizuri. Namba za mafundi wote nakuachia bure. Maongezi yapo. Najua matangazo ya magari huandika "njoo na fundi wako". Mimi naomba wako umwache nyumbani, wa kwangu anatosha.