Tumbo Lenu Mikononi Mwangu

(Hotuba iliyotolewa chini ya mchikichi, Kizuka, na mtu asiyeombwa)

Mheshimiwa shefu wa kolini, wazee wetu bashingantahe, akina mama mlioacha ndagala juani, na nyinyi vijana mliofuata mlio wa spika: asalaam aleikum, amahoro, bonjour. Nimewasalimu kwa lugha tatu ili mjue mapema ni nani amesimama mbele yenu.

Mimi ni mtaalamu wa bakteria rafiki wa tumbo. Cheti nimekiacha Bujumbura kwa sababu fremu yake ni ya kioo, na barabara mnaijua. Nilikipata kwenye semina ya siku mbili hotelini, ingawa ile ya pili ilikuwa ya kugawa vyeti na kupiga picha. Pichani mimi ni wa tatu kutoka kushoto. Wa kwanza hana tai, wa pili amesinzia. Basi pimeni wenyewe.

Tuingie tumboni. Mwaka 2001 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na wa lile la Chakula na Kilimo walikubaliana kwamba probiotiki ni vijidudu hai ambavyo mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha vinampa faida ya kiafya. Hai! Na vya kutosha! Kila kidonge changu kina bilioni 10, imeandikwa hapa kwa herufi kubwa. Hizi ndogo zinazosema "wakati wa kutengenezwa" ni mambo ya wanasheria. Na hapa ubavuni mwa chupa wanasema vidonge visipite nyuzi 25 za joto. Hilo linawahusu watu wasiozoea jua. Chupa hizi zimetoka Bujumbura juu ya pikipiki, katika mfuko mweusi, saa sita za mchana, na hakuna hata mmoja humo ndani aliyelalamika.

Tena tulisimama Mugere, kwenye jiwe la Livingstone na Stanley. Wale mabwana walifika pale Novemba 1871, wakalala siku mbili, wakawekewa jiwe. Mimi nimepita hapo mara nyingi kuliko wao na sijawekewa hata kibao. Dereva amenipiga picha nikiegemea, nikichungulia ziwa, nikionyesha upeo kwa kidole. Ndiyo maana nimechelewa, na ndiyo maana chupa hizi zina joto kidogo mkizishika.

Mama, shusha mkono. Maswali mwishoni.

Elimu hii ilianzishwa na Metchnikoff wa Institut Pasteur, Paris. Alikunywa maziwa ya mgando, akaandika kwamba yanarefusha maisha, akapewa Nobel mwaka 1908. Naona muuguzi wa kituo cha afya, ambaye hayumo kwenye ratiba, anasema Nobel ile ilikuwa ya kazi yake juu ya kinga ya mwili, maziwa hayakuhusika. Dada, tuzo ni tuzo. Na hayo maisha marefu? Alizaliwa 1845, akafariki 1916. Toeni wenyewe. Bibi huyu wa mbele anasema yeye ana themanini na mbili, hunywa mgando wa ng'ombe wake kila jioni, wala hajawahi kumsikia Metchnikoff. Shikamoo bibi. Lakini una cheti?

Bakteria wangu anaitwa Lactobacillus rhamnosus GG. Wamarekani wawili, Gorbach na Goldin, walimpata miaka ya 1980, na hizo GG ni herufi za majina yao. Jambo hili limeninyima usingizi. Mtu na akili zake anaishi humu duniani, ana jina zuri lenye herufi nzuri, na hakuna kijidudu hata kimoja kilichopewa! Kwenye bango langu nimeandika kwamba huyu GG katoka kwenye theluji ya Uswisi. Muuguzi kainuka tena. Anasema walimtoa kwenye kinyesi cha mtu mwenye afya. Dada, kuna watoto hapa. Theluji ni lugha ya biashara.

Mnataka ushahidi wa jirani? Mwaka 2004 akina mama wa Mwanza walianza kupika na kuuza mtindi wenye bakteria wa ukoo huu, kwa ushirikiano na chuo kikuu cha London. Kijana mwenye simu anasema hiyo London iko Ontario, Canada. London ni London. Kinachoniudhi ni kwamba akina mama wale walihitaji sufuria, maziwa na mbegu ya bakteria tu, bila mtu wa hadhi yangu kusimama mbele yao.

Sasa kuhara. Ufuo huu unakijua kipindupindu, sina haja ya kuwakumbusha. Muuguzi amechomoa karatasi: mwaka 2018, watoto 971 wa Marekani waliokuwa wakihara waligawanywa, wengine wakapewa GG huyuhuyu, wengine unga mtupu, na hawakupitana katika kupona. Mimi nauliza: ule unga ulitoka wapi? Pengine ulikuwa unga bora sana. Anakiri kwamba kwa mtu anayemeza antibiotiki, aina fulani za bakteria hawa zinaweza kupunguza kuhara. Mmesikia! Zinaweza! Hayo mengine aliyoyasema, maji yaliyotiwa klorini, chumvi na sukari, zinki kwa watoto, kunawa mikono, hayana chupa wala kifuniko, kwa hiyo hayako katika fani yangu.

Matumizi: tia kidonge kimoja katika chai inayochemka, koroga, kunywa. Muuguzi ameketi na kufunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika. Ni uchungu wa kushindwa kwa hoja.

Bei ni faranga elfu arobaini. Naelewa manung'uniko, na naelewa pia kwamba tangu 2006 watoto wa chini ya miaka mitano wanatibiwa bure vituoni, sera iliyonivurugia soko bila mtu kunishauri. Foleni ianze hapa kwangu, siyo kule kwa bibi. Na wewe bibi, funika hicho kibuyu. Malipo ni taslimu kabla ya kufungua kifuniko, na atakayeendelea kuhara akamwone muuguzi, kwa sababu mimi pikipiki inanisubiri.